Nyuki wa Sikukuu ya Mavuno

Alhamisi, 12 Juni
Hapana, haujatoka dukani kwa Ridhwani. Ndivyo nilivyomjibu Mama Lugano, kiongozi wa kwaya, alipouliza nimemnunulia wapi binti yangu ule mkufu. Asifiwe kautengeneza mwenyewe. Mbegu za kokoa zilizokauka, kazitoboa kwa sindano ya kushonea magunia. Darasa la tano huyo. Mama Lugano akataka kwaya nzima ivae Jumapili, sikukuu ya mavuno. Nikasema hiyo imeisha. Asifiwe akaninong'oneza: tata, baba yangu, kokoa kavu zote zimeenda mnadani. Nikamwambia kipaji hakingoji mnada.

Ijumaa, 13 Juni
Nimepasua matunda mabichi. Mtoto anadai mbegu zivundikwe kwanza kwenye majani ya migomba, ndipo zianikwe siku kadhaa. Kweli, hapa kijijini Ikolo sote tunafanya hivyo. Ila sisi tuna haraka. Nimezianika juu ya bati mpaka jioni. Bado zinateleza, nikazipaka mawese, zikang'aa, nikazitunga mwenyewe. Mke wangu Tusekile kauliza kama natengeneza mikufu au nakaanga. Wivu huo. Asifiwe kagoma kugusa. Kaokota kokoa kavu chache zilizodondoka uani, kashona mkufu mmoja, wa Mama Lugano. Kasema mimi nikimwaibisha kanisani, hashiki sindano tena.

Jumapili, 15 Juni
Wimbo wa kwanza, salama. Wa pili, nyuki. Kumbe utamu wa kokoa mbichi hausubiri amina. Sauti ya kwanza ikakimbilia mlangoni, sauti ya pili dirishani, blauzi nyeupe zote zina mawese. Mama Lugano kabaki anaimba peke yake, hana hata nzi.
Baada ya ibada kamkuta Asifiwe nyuma ya kanisa, analia. Kamwambia ndaga fijo, asante sana, mwanangu, wa kwako nimeupenda, nitengenezee ya kwaya nzima, tutavaa Krismasi. Sharti moja tu: baba yako asiguse. Asifiwe kacheka mpaka kwikwi. Jioni kashika sindano. Nami nikalala vizuri, maana fundi tunaye nyumbani.

Jumatatu, 16 Juni
Sharti lilihusu kokoa. Usipa hakutajwa.
Nimewatoa ziwani Matema leo, dagaa wembamba, wanang'aa kama fedha. Kila samaki hereni kamili. Nimewapaka vanishi. Sasa wewe unayesoma daftari la watu bila ruhusa, tukubaliane: mimi naleta usipa, wewe lete masikio ya mkeo tujaribu. Faida nusu kwa nusu. Paka mfungie kwanza.