Haki ya Kuchovya Mkate wa Mdalasini

Shule ya Kati ya Plum Hollow,
Nebraska.

Mheshimiwa Bw. Ostrander, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,

Natumaini umepona mafua yaliyokushika kwenye kikao cha Jumanne. Mimi ni Odelia Svoboda wa darasa la saba. Naandika kwa heshima kuhusu uamuzi wa Bodi kwamba siku ya mchuzi wa maharage na nyama tusipewe tena mkate wa mdalasini wa kuchovya, bali biskuti za chumvi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilipomuuliza Naibu Mkuu, Bw. Lindgren, alifungua Kitabu cha Mwanafunzi kwenye haki zetu kumi na moja. "Haya, Odelia, nioneshe mkate uko wapi hapa." Nikasoma zote mara mbili. Haumo. "Basi huna haki hiyo, mwanangu. Nenda darasani."

2. Darasani, Bi. Pruitt alikuwa akitufundisha Marekebisho ya Tisa ya Katiba ya Marekani. Yanasema kuorodheshwa kwa haki fulani kusichukuliwe kuwa kunakana haki nyingine walizobaki nazo wananchi. Niliuliza kama wananchi ni pamoja na darasa la saba. Akasema, "Swali zuri, ila usimwambie Bw. Lindgren kwamba nimelisifu." Samahani, nimeshaandika kwa wino.

3. Tulijaribu kwa moyo safi kuishi kwa orodha peke yake. Kujikuna hakumo. Kupepesa macho hakumo. Alhamisi wanafunzi ishirini na wawili waliomba kwa maandishi ruhusa ya kupepesa macho, Bw. Lindgren alisaini fomu sita, kisha akaenda kujilaza chumba cha muuguzi. Wewe mwenyewe, Mheshimiwa, ulipiga chafya kikaoni mara nne bila idhini. Sikukushtaki.

4. Bibi yangu alichovya. Mama alichovya. Hakuna aliyeiandika haki hiyo popote, kwa sababu hakuna aliyedhani atatokea mtu wa kuikataza.

5. Hili ndilo linaloniuma. Kwa kuwa biskuti hazihitaji kuokwa, mpishi wetu Bi. Vavra ameambiwa Ijumaa ijayo ndiyo siku yake ya mwisho. Mama alipolazwa majira ya baridi yaliyopita, Bi. Vavra aliniwekea mkate wa katikati ya sinia, ule laini, bila kuniuliza kitu. Nilipomweleza habari za Katiba alicheka. "Wee binti, mimi mambo yangu ni unga na sukari. Usiniingize kwenye Katiba. Kula!" Lakini alikuwa anafuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

Kwa hiyo naomba Bodi imrudishe Bi. Vavra na mkate wake kabla ya Ijumaa, na itamke kwamba haki isiyoandikwa ni haki kamili, hata anayeidai akiwa mtoto.

Nisalimie Mama Ostrander, wajumbe wote, na yule mbwa wako anayelala chini ya meza ya Bodi.

Ni mimi, mmoja wa wananchi,
Odelia Svoboda

Nyongeza: Mdogo wangu Ludmila ameisoma barua hii, naye anasema haki ya kulala kwenye kitanda changu cha dirishani pia imebaki kwa wananchi. Ameshahamisha mto. Tafadhali mwandikie, kwa muhuri, kwamba haki hiyo haimo kwenye orodha yoyote, kwa hiyo haipo. Ila jibu hilo alipate baada ya Ijumaa, na lisisomwe kikaoni kabla ombi langu la Bi. Vavra halijapita.