Pete ya Daraja la Saio

Alhamisi, 18 Juni
Daraja letu la Saio limebaki mbao chache, njia ya moto moja tu, yaani pikipiki. Leo tena mbili zimekutana katikati. Hakuna aliyekubali kurudi nyuma. Wametukanana mpaka sauti zikakauka.

Jioni nimeona kwenye simu filamu ya reli ndogo ya Japani. Njia moja tu, ya kwenda na kurudi. Iliwekwa zamani kuteremsha makaa ya mawe kutoka milimani. Makaa yakaisha, vijana wakahama, treni ikabaki na vibibi na wanafunzi. Lakini hawagongani. Kuna pete moja ya chuma. Dereva asiye nayo haingii. Akivuka, anamkabidhi anayengoja upande wa pili.

Hilaire, nikajiambia, nani mwingine hapa Bunia anajua jambo hili?

Ijumaa, 19 Juni
Nimepaka rimu ya baiskeli rangi nyekundu, iwe pete yetu. Wamotari, madereva wa moto, wa pande zote mbili wameapa mbele yangu: bila pete, hakuna kupita. Zacharie, prezida wao, alitaka tuendelee na honi: anayepiga kwanza apite. Nikamweleza kwamba Wajapani hawapigi honi. Nadhani. Akaniita shefu wa gare, mkuu wa stesheni isiyo na treni. Watu wakacheka. Na mimi kidogo, nisionekane nimeumia.

Jumapili, 21 Juni
Hakuna ugomvi darajani. Baada ya misa mama mmoja amenipa mkono kana kwamba mimi ni gavana. Mke wangu Émilienne anauliza tu kama Joëlle atafika mapema. Kesho binti yetu anaanza Exetat, mtihani wa Serikali, na senta ya mtihani iko ng'ambo ya daraja. Geti likifungwa, mwaka mzima umekufa. Nimewaambia walale. Daraja ni mimi.

Jumatatu, 22 Juni
Pete haipo. Patou, mmoja wa wamotari, amevuka nayo shingoni, akapata wachimbaji wa dhahabu wenye haraka, akaendelea nao hadi machimbo ya Bambu.

Moto zimejaa pande zote. Joëlle nyuma ya dereva, amekumbatia kalamu zake. Nikamwamuru dereva apite. Akakataa. Uliapisha siye weye mwenyewe, muzee. Nikasema nafuta kiapo. Kutoka ng'ambo Zacharie akaniarifu, kwa adabu kabisa, kwamba Wajapani hawafuti. Émilienne, aliyekuja kutusindikiza, akatazama saa.

Simu ya Patou imezimwa. Nikakimbilia barabara ya Bambu mpaka pumzi ikaniishia. Niliporudi, Joëlle hayuko. Nikachungulia majini.

Émilienne akanijulisha kwamba mtoto ana miguu. Amevua viatu, amevuka juu ya mbao, Zacharie amembeba kwa moto yake huko ng'ambo. Geti la senta, tulisikia baadaye, lilikuwa linafungwa. Zacharie akaingiza gurudumu la mbele, Joëlle akapita.

Miguu. Katika filamu hakuna aliyetembea.

Jumanne, 23 Juni
Joëlle anasema maswali ya jana yalikuwa mazuri. Patou amerudi, pete ingali shingoni, anashangaa kwa nini nimenuna. Nimemshukuru Zacharie. Akauliza kama sasa tunarudia honi. Nikamhurumia. Haoni kosa lilipo: pete ilikuwa moja.

Nimepaka rimu ya pili. Kuanzia kesho kila upande utakuwa na pete yake, na kila mtu atapita bila kungoja mwenziwe. Nashangaa Wajapani, na akili zao zote, hawakuliwaza hilo.