Kilima Changu na Nyumbu wa Kaka Statius

Siku ya Mirihi, 9 Mei

Dengu yuko hatarini. Ndiye nyumbu abebaye mizigo ya hema letu hapa jeshini. Marehemu kaka yangu Statius alimlea tangu mdogo. Kila jioni alimkuna nyuma ya sikio la kushoto huku akimsimulia habari za nyumbani. Tangu tumzike kaka, kazi hiyo ni yangu. Sijui kusimulia. Dengu huvumilia.

Sasa nyumbu wa hema la jirani amekufa kwa tumbo. Ofilius, mkubwa wa hema hilo, kamwendea akida Vettidius. Kadai sisi tumebaki wachache, mizigo haba, na Dengu ananenepa bure. Ananenepa! Ni mifupa mipana tu.

Akida kaamua: keshokutwa mazoezi ya vita, hema kwa hema, silaha za mbao. Watakaoacha uwanja wamekosa nyumbu.

Nina mpango.

Siku ya Utaridi, 10 Mei

Mpango ni kilima. Kaka alinifundisha: aliye juu hurusha mkuki mbali, anayepanda hufika akihema, ngao imemlemea. Nimewachorea wenzangu kwenye majivu. Herius kauliza kama huko juu kuna maji. Nikamwambia vita itaisha upesi. Kauliza tena. Wengine hawakuumbiwa ushindi.

Nimekikagua. Kikavu, chenye mteremko mkali. Kizuri mno! Ofilius kaniona nikishuka, kauliza kama nimepoteza mbuzi. Nikasema natafuta uyoga. Hakushuku kitu.

Siku ya Mushtari, 11 Mei

Tulipanda alfajiri. Tulifika tukihema sana, ila adui hakuwepo kufaidika.

Ofilius na watu wake wakaja. Nikaamuru turushe. Mikuki ilipaa kama ndege! Hapo nikakumbuka. Mkuki wa kweli ukigonga hupinda shingo yake ya chuma, adui hawezi kuurusha tena. Wa mazoezi ni mti mtupu, haupindi. Wakaiokota yote, wakatushukuru, wakarudi kivulini, kwenye kijito kilicho chini ya kilima.

Hawakupanda. Sikuwahi kufikiri kwamba wangeweza kutopanda.

Jua likapanda badala yao. Wao wakala mkate na jibini. Herius hakutaja maji, alinitazama tu. Nikamwita Ofilius mwoga, kwa sauti kubwa. Akajibu akiwa amelala chali, miguu mtoni:

"Numerius mdogo wangu, aliye juu mngoje chini. Nami sina haraka."

Adhuhuri Herius alishuka na kikombe chake. Wengine wakamfuata. Nililinda kilima peke yangu mpaka akida aliponiamuru kushuka. Sehemu kubwa ya njia niliteleza.

Ofilius alikuja mwenyewe kumchukua Dengu. Nikamwomba amkune nyuma ya sikio la kushoto. Nilitegemea dhihaka.

"Najua," alisema. "Nilikuwa namsikia Statius kila jioni. Hema ni ngozi tu, bwana."

Siku ya Zuhura, 12 Mei

Tumehama, mwendo wa kutwa. Sikumtazama Dengu, isipokuwa kila mara.

Jioni tukachimba handaki na kupiga kambi kama popote: njia zilezile, kila hema mahali pake pa jana. Nilikuwa nasaga ngano nikahisi pumzi shingoni. Dengu! Kakata kamba, kafuata njia kuu, kakunja kona yetu. Ofilius akamrudisha. Akaja tena. Safari iliyofuata Ofilius alileta gunia la shayiri, akalibwaga mlangoni. Kasema mchana Dengu atabeba mizigo yao, jioni alale anapopajua. Watu wake walimcheka. Kawaambia wafunge midomo.

Akaketi kula nasi. Nikamsimulia Dengu habari za shangazi na yule bata aliyemfukuza kuhani. Ofilius kasema Statius aliisimulia vizuri zaidi. Ni kweli.

Siku ya Zohali, 13 Mei

Nimefikiri sana kwa nini Dengu alirudi. Herius anasema mnyama huenda alipozoea. Upuuzi! Nimepima kwa macho: hema letu liko juu kuliko la Ofilius, kama kimo cha ndoo. Mahali pa juu pameshinda. Kaka hakukosea.

Mbele yetu kuna mlima hasa. Nimemwomba akida pambano la pili, nimkomboe Dengu mchana pia. Akida kaziba mdomo kwa kiganja, karuhusu. Ofilius naye kakubali upesi, akitabasamu.

Hofu hiyo.