Majoho Arobaini na Chupa ya Kupimia Hewa

Jumatatu, 4 Machi
Nimepata kazi ya majoho. Arobaini, meusi, ya mahafali ya chuo cha uuguzi. Yanatakiwa Jumamosi saa nne asubuhi. Binti yetu ni mmoja wa wahitimu. Mkuu wa chuo aliniuliza mara mbili kama nitaweza. Nikamwambia nilikuwa dobi kabla yeye hajawa mkuu. Hakucheka.

Mama Povu, dobi wa ng'ambo ya barabara, naye aliitaka kazi hii. Ana mashine ya kukaushia. Mimi nina kamba sita juu ya paa, na jua. Ubaya wa jua ni kwamba likiondoka haliagi. Mwezi uliopita mashuka ya hoteli yalinyeshewa mara tatu. Mara zote tatu Mama Povu alikuwa mlangoni kwake, akinipungia mkono.

Basi. Kuanzia leo mvua hainishtukizi tena. Mke wangu anafundisha jiografia, nami nimechukua kitabu chake. Nimesoma kurasa nne. Angahewa ni rahisi kuliko nilivyodhani.

Jumanne, 5 Machi
Kumbe hewa ina uzito. Nilikaa na jambo hili chai nzima. Imeizunguka dunia kwa matabaka, na mawingu, mvua na dhoruba, karibu vyote vimo katika tabaka la chini kabisa, lenye unene wa kilomita kumi na kitu. Juu ya hapo hakuna wa kukulowesha. Hewa ikilemea, mbingu hutulia. Uzito ukipungua, hewa ya chini hupanda, hupoa, mvuke wake hugeuka matone, na mashuka ya hoteli huloa.

Kitabu kina mchoro wa kipimahewa cha kutengeneza nyumbani. Chupa ya mdomo mpana. Puto lililokatwa, likavutwa juu ya mdomo kama ngozi ya ngoma. Mrija umelazwa juu yake kwa gundi. Hewa ya nje ikilemea, mpira unabonyea na ncha ya mrija inapanda: jua. Ikiwa nyepesi, mpira unatuna na ncha inashuka: mvua. Nimemaliza kwa dakika ishirini. Nimekiweka kwenye meza ya pasi ili nikione muda wote. Mlangoni nimetundika ubao: UTABIRI WA HALI YA HEWA, KILA ASUBUHI.

Mama Povu alivuka barabara kuusoma. Akasema herufi zimekaa vizuri. Wivu mtupu.

Jumatano, 6 Machi
Saa tatu mrija ulishuka hadi chini kabisa. Nikaandika MVUA KUBWA. Mtaa ukaniamini, jambo tamu sana. Muuza magodoro akaingiza magodoro yote ndani. Seremala akaahirisha kupaka rangi kabati. Mama mkwe, anayeishi nasi, akafunga madirisha na kukaa kungoja.

Jua liliwaka mpaka lami ikanata viatuni. Saa kumi muuza magodoro alikuja kuuliza mvua imekwama wapi. Nikamwambia angahewa ni kubwa.

Mke wangu aliporudi kutoka shule aliitazama chupa, kisha akaitazama pasi. Akauliza, kwa ule upole anaowauliza nao wanafunzi wageni, chupa imekaa hapo tangu lini. Akaeleza kwamba hewa iliyomo ndani imepata joto, ikatanuka, ikausukuma mpira. Kutwa nzima nimekuwa nikitabiri pasi. Akasema niiweke mahali ambapo joto halibadiliki, na hata hivyo nitazame pia mawingu. Sehemu ya mawingu sikuisikia vizuri.

Alhamisi, 7 Machi
Adui ni joto. Kwa hiyo rafiki ni baridi. Nimeiweka chupa ndani ya friji, kati ya maziwa na dawa ya macho ya mama mkwe. Naisoma kila nusu saa. Mrija unapanda tu. Sijawahi kuona mrija wenye furaha namna ile.

Nimefua majoho yote. Ubaoni: KESHO JUA KUTWA. Mama Povu alipita jioni, akasema mawingu yamerundikana vibaya, na kwamba nikitaka nimpe nusu ya majoho, mashine yake haina kazi. Nikamshukuru, nikamwambia mwenye macho atazame mawingu, mwenye chombo atazame chombo.

Binti alipiga simu kuuliza kuhusu joho lake. Nikamwambia baba yake anajua mbingu itafanya nini. Akaomba kuongea na mama yake.

Ijumaa, 8 Machi
Saa moja nilianika. Majoho arobaini yamejaa upepo, kama mahafali ya watu wasioonekana. Saa tano upepo ukawa wa baridi ghafla. Nikateremka kutazama friji. Mrija ulikuwa juu kabisa. Bado nimeshika mlango wa friji, nikasikia bati la jirani likipigwa.

Nilipofika paani mikono ya majoho ilikuwa ikichuruzika. Matatu yalikuwa yameshapeperuka hadi uani kwa seremala, juu ya kabati alilolipaka rangi asubuhi hiyo kwa kuuamini ubao wangu.

Niliketi kwenye ngazi, mvua ikininyeshea. Nilimwona binti yangu amevaa joho linalotiririka, wenzake thelathini na tisa nyuma yake, wote wakijua baba yake ni nani.

Mama Povu akapanda ngazi polepole, mwavuli mkononi. "Yateremshe, baba," akasema. "Mashine inakula kumi kwa mara moja." Akaanza kuanua joho la kwanza. Afadhali angenisema.

Tulizungusha mashine mara nne. Muuza magodoro alibeba. Mke wangu alipiga pasi. Mama Povu aliisugua ile rangi kwa tapentaini huku akiimba. Kufika saa kumi na mbili jioni yote arobaini yalikuwa yamekunjwa. Mke wangu akanieleza kwamba hewa ya chupani ilinywea kwa baridi, mpira ukazama. Mrija ungepanda hata kama gharika iko mlangoni.

Jumamosi, 9 Machi
Mahafali yamefana. Binti alipita mbele, joho likimgusa visigino, akatutafuta kwa macho. Majoho matatu yalinuka tapentaini, lakini wauguzi wamezoea harufu. Mkuu wa chuo alitushukuru madobi wote wawili. Binti alimkumbatia Mama Povu kwanza. Nimelitafakari hilo.

Nimetafakari pia kuhusu chombo, nikaona hakina kosa. Kilipima pasi sawasawa. Kikapima friji sawasawa. Ni watu wangapi wanaweza kusemwa hivyo?

Nje ya ukumbi bwana mmoja mwenye suti alinijia. Amesikia kuna mtu hapa anayesoma hali ya hewa. Kesho mama yake anatimiza miaka themanini, wageni mia mbili, uwanja wa wazi. Je, akodi hema?

Mke wangu alinikanyaga mguu. Nikalowesha kidole, nikakiinua, nikaufikiria upepo kwa muda wa kutosha ili bwana yule aone kwamba hii ni kazi.

Hema la nini, nikamwambia.