Mashua ya Mzee Alf na Mkia wa Changu

Jumapili, 11 Agosti

Baba mkwe katoa neno leo, mezani, kabla hata kondoo hajakatwa. Mzee Alf magoti yamemkataa, baharini haendi tena. Mashua yake, Marjorie, ile ya bati yenye injini mpya, inatafuta mwenyewe. Wakwe tuko watatu, mashua moja. Basi: sote twende Miamba ya Swain, mbali huko baharini, na chombo cha kukodi, na atakayerudi na changu mwekundu mzito kuliko wenzake, mashua yake. Yeye atakuwa gatini Jumamosi na mizani. Ubishi hataki. Kila mvuvi hupewa alama yake, inakatwa kwenye samaki, na alama ndiyo hakimu. Alisema hayo akinitazama mimi. Kwa nini mimi?

Marjorie ni yangu. Hilo halina mjadala. Nimeiosha miaka na miaka. (Lorraine, mke wangu, asema mara mbili.) Usiku naota nimeshika usukani, mji wetu wote wa Gladstone unanipungia mkono.

Adui: Neville, mume wa Shirley, dada yake Lorraine. Mtu wa bahati ya kuudhi. Hutupa mshipi huku anapiga miayo na samaki wanagombania kuja. Wa tatu ni Ambrose, mchumba wa Jodie, kitinda mimba wao. Kazi yake kurekebisha sauti za piano. Vidole laini. Huyo simhesabu.

Nina silaha. Mapaja ya kuku bila mifupa, yamelala siku tatu kwenye binzari, kitunguu saumu na mambo mengine ambayo sitayaandika hata humu. Chambo cha siri. Changu akinusa hiki ataacha mke na watoto.

Jumatatu, 12 Agosti

Nilifika gatini kabla ya wote, kwa makusudi. Begi langu likalala kitanda cha chini katikati ya chombo, penye mtikisiko mdogo. Begi la Neville, alipofika, nikalibeba kwa heshima zote hadi omo, mbele kabisa ya chombo, ambako wimbi likipiga unarushwa juu kama chapati. Akanishukuru! Nikajipongeza.

Halafu akaja Kapteni Bev Hanlon, mama mwenye mabega na sauti ya honi. Akatangaza kwamba upepo wa kusini-mashariki umechachamaa na utazidi, hivyo vitanda atagawa kwa uzito ili chombo kikae sawa. Kila mtu ataje kilo zake. Nikapunguza kumi na tano. Mazoea tu, hata kwa daktari napunguza. Kumbe wepesi ndio wanalala omo! Mimi omo. Neville, mnene mkweli, katikati, chumba kimoja na Ambrose.

Mmoja wa walimu wastaafu wa Rockhampton, wageni wenzetu humu, akauliza kama hali hii ya hewa ni salama. Kapteni akamjibu salama ipo, ila anayetaka utulivu angeenda maktaba.

Kisha alama. Dougie, baharia na mpishi, alisoma kutoka kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na birika. Mimi, nikipata samaki, atakatwa ncha ya juu ya mkia. Neville, ncha ya chini. Ya Ambrose sikuisikiliza. Tulikuwa bado hatujafungua kamba, na mtu mwenyewe ameshageuka rangi ya mchicha.

Jumanne, 13 Agosti

Sijalala. Omo si kitanda, ni adhabu. Nimegonga kichwa kwenye dari mara zisizo na idadi, na kila nikigonga nilisikia Neville akikoroma kule katikati.

Tumefika kwenye miamba asubuhi. Mawimbi makubwa, mvua ya ubavuni, chombo kinacheza. Ambrose hatoki kitandani. Ameikumbatia ndoo kama mchumba. Jodie aone wivu.

Nikapanga kuanza na silaha baada ya chakula cha mchana. Chakula kikaja. Kuku. Mtamu ajabu! Wa binzari. Nikaomba nyongeza. Neville alikula sahani mbili, akalamba vidole, akasema hajawahi kula kuku kama huyu tangu azaliwe. Dougie akasema asimsifu yeye, kuku alimkuta tayari kakolezwa, kwenye kopo jekundu ndani ya friji.

Kopo jekundu!

Chambo changu kiko tumboni mwa adui. Na kilichobaki kiko tumboni mwangu. Nikasema tu kwamba kapungua chumvi.

Mchana nimevua kwa ngisi wa kawaida kama watu wengine wasio na akili. Nimepata changu mwekundu mmoja, mzuri, mwenye adabu. Kapteni akaleta kipimo cha urefu wa sheria. Amepungua upana wa kidole. Nikamwomba amvute mkia kidogo. Akasema atanivuta mimi. Akamrudisha baharini.

Jumatano, 14 Agosti

Upepo umeongezeka. Chai inamwagika kabla haijamiminwa. Nimevaa koti la mvua mpaka chooni.

Nimehamia chumbani kwa Ambrose wakati wa mchana. Nimemwambia nimekuja kumjulia hali. Ukweli, kule ndiko kuna utulivu, na kitanda cha Neville kiko wazi akiwa sitahani. Nikakaa, nikamshikia ndoo kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine nikanywa supu yake, maana yeye haitaki na kuitupa ni dhambi. Ananiita kaka. Asema hakuna aliyemkumbuka humu isipokuwa mimi. Masikini. Nikamuuliza kama amewahi kusikia Neville akitaja, usingizini labda, chambo anachotumia. Asema hajasikia.

Saa tisa alasiri: Nimempata! Mzito! Fimbo imepinda hadi majini, walimu wa Rockhampton wanapiga makofi, mimi natoka jasho ndani ya mvua. Nikaona wekundu chini ya maji. Mkubwa kama mto wa kulalia! Halafu, ghafla, wepesi. Nikavuta. Kikaja kichwa. Kichwa peke yake, kinanishangaa. Papa kachukua vilivyobaki.

Nimedai kichwa kipimwe na mwili ukadiriwe. Kapteni Bev alicheka mpaka akashika nguzo.

Na dakika chache baadaye, Neville. Anapiga miayo. Ameweka kwenye ndoana kipande cha soseji alichobakiza asubuhi. Soseji! Yenye sosi ya nyanya! Akavuta changu mwekundu wa kilo kumi na moja. Dougie akamkata ncha ya chini ya mkia, chwa, akamtumbukiza kwenye tangi la barafu. Neville akanipiga begani: "Pole, shemeji. Nitakuwa nakuazima mashua siku za mwaka mpya."

Siku za mwaka mpya! Nimekosa hamu ya kula. Nimekula, lakini bila hamu.

Alhamisi, 15 Agosti

Leo hakuna kuvua. Dhoruba. Kapteni ametuficha nyuma ya mwamba mkubwa, nanga mbili, na kila kitu kinalia: kamba, vyuma, Ambrose. Kapteni asema hali ikiendelea hivi, kesho ni kurudi nyumbani tu. Maana yake sina tena nafasi ya kuvua. Maana yake Marjorie imekwenda.

Isipokuwa mtu atumie ubongo.

Nimewaza hivi. Samaki wa Neville amekatwa ncha ya chini. Iliyokatwa hairudi, sawa. Lakini ya juu bado iko! Nikiikata na ya juu, samaki ana alama mbili, yangu na yake. Hapo nitasema: ya juu ndiyo ya mkasi, ya chini aliing'ata papa. Papa tunao, shahidi ni kichwa changu cha jana. Mzee Alf mwenyewe amesema alama ndiyo hakimu. Basi hakimu nitamwelekeza mimi. Mpango hauna hata tundu la sindano.

Baada ya chakula wote walilala. Nikachukua mkasi wa Dougie wa kukatia kuku, nikafungua tangi. Samaki alikuwa chini kabisa. Nikainama. Wimbi likaja. Nikaingia kichwa kwanza.

Baridi ya barafu ile sina maneno yake. Nilipiga kelele kimoyomoyo. Lakini mtu wa malengo haachi kazi: nikiwa humo humo, miguu juu, nikaushika mkia na kukata. Chwa! Ncha ya juu.

Nilipotoka, Dougie alikuwa amesimama na kikombe. Akauliza kulikoni. Nikasema mgongo unaniuma, naukanda kwa barafu. Akatazama nywele zangu zilizojaa barafu, akanywa chai, akaondoka. Nadhani ameamini.

Ijumaa, 16 Agosti

Tunarudi. Mawimbi yako nyuma yetu, yanatusukuma. Mafua makali. Mchana kutwa nimekaa kwa Ambrose nikifanya mazoezi ya hotuba yangu ya papa, polepole, mdomo umefungwa. Yeye alidhani namwombea. Akanishika mkono, machozi yanamlengalenga. Akasema hatasahau. Nikamwambia alale, nimekosea mstari.

Neville anaimba bafuni. Aimbe.

Jumamosi, 17 Agosti

Sina nguvu za kuandika. Nitaandika.

Mzee Alf alikuwa gatini, kiti cha kukunja, mizani miguuni, kofia yake ya sherehe. Lorraine, Shirley na Jodie nyuma yake. Dougie akatoa samaki mmoja mmoja. Akafika kwa yule mkubwa. Neville akaanza kutabasamu. Mimi sikungoja. Nikapanda juu ya sanduku, nikatoa hotuba: kwamba huyu ni wangu, kwamba nilimvua Jumatano watu wakinywa chai, kwamba ncha ya juu ni mkasi na ya chini ni papa, papa mdogo, mwenye meno safi.

Neville akawa mwekundu kuliko samaki. Akapiga kelele kwamba ni wake, walimu wote ni mashahidi. Mzee Alf akainua fimbo. Akamwambia Dougie asome karatasi.

Dougie akaubandua ule ukurasa wa karibu na birika. Akasoma taratibu, kama anayefaidi. Ncha ya juu: mimi. Ncha ya chini: Neville. Ncha zote mbili, juu na chini: Ambrose.

Ambrose!

Alikuwa ameketi chini gatini, amekumbatia nguzo, anashukuru kwamba haitikisiki. Akasema kwa sauti ndogo kwamba lazima kuna kosa, yeye hajagusa mshipi tangu Jumatatu, hajui hata samaki anaingia upande gani. Mzee akasema alama ndiyo hakimu. Na akaongeza kwamba kwa miaka yote aliyokaa gatini ameona watu wakidai samaki wasio wao, lakini mtu anayemkataa samaki wa kilo kumi na moja mbele ya umati ni mara ya kwanza kumwona. Akampa ufunguo wa Marjorie. Ambrose akaupokea, akaitazama bahari, akatapika.

Halafu wote wakageuka kunitazama mimi. Neville, Lorraine, Kapteni Bev, Dougie na mkasi wake. Nikamtazama mwari mmoja kwenye paa. Ndege mzuri sana.

Nyumbani Lorraine akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimeingia na barafu juu.

Jumapili, 18 Agosti

Saa nne asubuhi nimeona gari la Ambrose likiingia uani. Amejua! Neville kamweleza kila kitu, ya mkasi, ya supu. Amekuja kunigombeza, na wapole wakikasirika hawana breki.

Nikamwambia Lorraine aseme nimesafiri, nimekwenda Rockhampton, sirudi karibuni. Nikatoka mlango wa nyuma, nikajificha bandani, nyuma ya mashine ya kukata nyasi. Nikajifunika turubai. Akili haizeeki! Nikamsikia akiongea barazani, sauti tu, maneno hayafiki. Nikasikia vikombe. Amekaa muda. Mtu mwenye hasira za kusubiri ni hatari zaidi. Nikabana pumzi, buibui akanipita usoni, sikutikisika.

Hatimaye gari likaondoka. Nikatoka, nimeshinda, nimejaa nyasi. Lorraine alikuwa bado barazani, amejishika shavu.

Akaniambia Ambrose alikuja na ufunguo wa Marjorie. Alitaka kunipa. Bahari haitaki tena maishani, alisema, na mtu pekee aliyemshikia ndoo siku zile za shida ni mimi. Alitaka anikabidhi mkononi, kiume, ndiyo maana hakuuacha kwa Lorraine. Lorraine alimbembeleza angoje. Lakini Rockhampton ni mbali, na mimi ndiye niliyesema sirudi karibuni. Ndipo akasema basi, isikae bure, ataipeleka kwa Neville.

Nimekimbia na kandambili mtaa mzima. Nilipofika, Neville alikuwa anaiosha. Akanipungia mkono. Akaniuliza habari za Rockhampton.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimelia kidogo, nimekula mkate na jibini, nimepata nafuu. Lorraine ameuliza kama angalau nimejifunza kitu. Nimemwambia nimejifunza, tena kikubwa: siku nyingine nijifiche karibu na dirisha, nisikie mgeni kaja na nini.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, husema walioshindwa. Mimi bado nina Neville wa kushughulikia. Nimefikiri usiku kucha. Mtu akiogopeshwa vizuri, mashua ataiuza kwa bei ya kiatu. Kesho alfajiri nitakwenda uani kwake nikalegeze bomba moja tu dogo la mafuta, injini izimike akiwa majini, akate tamaa. Nimeshaandaa spana. Mpango hauna hata tundu la sindano.

Baadaye: Neville amepiga simu. Kesho alfajiri anataka kuishusha Marjorie majini kwa mara ya kwanza, na asema yaliyopita si ndwele, niende naye. Mimi ndiye nitakayeshika usukani.

Nimekubali. Itabidi niwahi zaidi, nilegeze kabla hajaamka.