Maji ya Kupoza Chai

Jumatatu, 3 Juni
Daktari kanipigia marufuku sukari! Mke wangu kalifungia kopo kabatini, na funguo za pikipiki yangu kachukua. Nikifika Jumapili bila kuonja, narudishiwa. Nikiteleza, pikipiki inakwenda kwa shemeji, kaka yake, anayekula kwetu na ambaye tayari anaipangusa kila asubuhi. Anaipangusa! Pikipiki yangu!

Jumanne, 4 Juni
Nimepata! Kitabu cha kemia cha binti yetu kinasema sukari ikiyeyuka haipotei. Chembe zake hutawanyika katikati ya zile za maji, jicho lisizione. Jicho lisizione! Na maji ya moto huyeyusha nyingi zaidi. Nimenunua kilo nzima, nikaimimina kwenye sufuria inayochemka. Inazama tu! Sikujua kemia ni tamu hivi.

Jumatano, 5 Juni
Balaa. Maji yalipopoa yalishindwa kubeba mzigo wote. Kijiko nilichosahau ndani ya chupa nilimoyatia kimeota vipande vya sukari vinavyong'aa. Nimekificha mfukoni, nikaongeza maji, nikatikisa. Sasa huwezi kuyatofautisha na ya bombani.

Alhamisi, 6 Juni
Ushindi! Nimelalamika chai inaunguza, nikaipoza kwa maji ya chupa yangu. Mbele ya mke wangu! Kanisifu, kumbe naweza. Shemeji kauliza mbona naipoza chai iliyokwisha kupoa. Nimemwambia ashughulike na kikombe chake.

Jumamosi, 8 Juni
Mke wangu kafurahi mpaka kaamua kuninyooshea shati jeupe la kuvaa kesho kwenye pikipiki. Mikunjo ikagoma. Akachukua chupa yangu mezani, akanyunyiza. Pasi ikanasa. Harufu ya sukari iliyoungua ikajaa chumba kizima. Akalamba kidole. Akanitazama. Kisha akamwita kaka yake.

Jumapili, 9 Juni
Shemeji kapita dirishani na pikipiki, akarudi, akapita tena, akipiga honi. Nusura nilie. Mke wangu kaniambia taratibu kwamba haoni uchungu wa shati, anaogopa kuachwa mjane. Nimemwapia kwa dhati: sukari basi.

Jumatatu, 10 Juni
Daktari kanipima presha. Kasema nipunguze na chumvi. Chumvi! Nimefungua kitabu ukurasa uleule. Inayeyuka! Sufuria iko jikoni, maji yanakaribia kuchemka. Safari hii chupa nitaiweka mbali na pasi.