Mbao Ndefu za Mzee Vester

Harlan Stidham hakuwa mwizi. Mwizi huchukua mali yako. Harlan alikuwa anakupangia upya tu. Bi Opal Ratliff alipomtuma kiwandani akamletee mbao za mwaloni za sakafu ya ukumbi wa ngoma, Harlan alishaona mwanya kabla hata hajawasha pikapu yake.

Mafungu ya mbao za sakafu huja na urefu mchanganyiko: ndefu, za kati na vipande. Na Mzee Vester Combs alikuwa ameapa mbele ya kanisa zima kwamba binti yake, Lurleen, ataolewa na mwanamume atakayemtandikia yeye mzee sebule yake kwa mbao za ukuta hadi ukuta, bila kiungo hata kimoja. Basi Harlan, aliyemtaka Lurleen kufa na kupona, akasimama njiani, akafungua mafungu ya Bi Opal, akachomoa zote ndefu na kuzificha kwenye pikapu chini ya turubai. Mahali pake akajaza vipande alivyopewa kiwandani kama kuni. Juu ya kila fungu akabakiza ubao mmoja mrefu, kwa ajili ya heshima.

Mapenzi yalimsahaulisha jambo moja. Kwetu huku milimani Kentucky hakuna anayepigilia sakafu kabla mbao zote hazijatandazwa chini zikaonwa, na siku ya kutandaza ni sherehe. Watu huja na pai, viti na maoni.

Mafungu yalipofunguliwa, ukumbi mzima ukainama kutazama. Vipande vingine vilikuwa na urefu wa mkate.

"Harlan, mwanangu," akasema Bi Opal, "hii ni sakafu au umeniletea kuni?"

"Bi Opal, unanishangaza! Habari hazijafika huku? Mjini siku hizi mtu anayejipenda hakanyagi ubao mrefu. Ubao mrefu unasafirisha baridi. Inaingia kule mlangoni, inatambaa mpaka gotini kwako. Kipande kifupi kinaikatia njiani."

"Ndiyo maana!" Shemasi Burl akapiga kelele, akijishika goti. "Kwangu zote ndefu!"

"Na mke wangu aliyenikimbia?" akauliza Hobart kinyozi.

"Pole sana, kaka," Harlan akasema kwa huzuni. "Ubao mrefu."

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na lake. Ng'ombe aliyekauka maziwa, mtoto aliyefeli hesabu, jirani asiyerudisha ngazi: yote yalitoka kwenye mbao. Hata mimi, nisifiche, nilihisi kitu mgongoni.

Bi Opal akafuta makombo ya pai mdomoni, akatoka nje taratibu, akafunua turubai la pikapu.

"Na hizi je, mwanangu?"

Harlan akamkimbilia. "Hizo... hizo ni za Mzee Vester."

Mzee Vester alikuwa mlangoni na sahani yake. Akaiweka chini.

"Kumbe unataka kuniua."

"Hapana, baba mkwe..."

"Koma! Binti yangu hujampata, umeshaanza kunitanguliza kaburini kwa magoti!"

Harlan angeweza kusema kweli, kwamba habari ya baridi aliitunga. Lakini kweli ingeleta swali la mbao hizo zilitoka wapi, na Lurleen angemponyoka mchana ule ule.

"Tulia, Vester," akasema Bi Opal kwa upole. "Hivi vipande salama chukua wewe. Sisi tutabaki na hizo za hatari. Ngoma tunacheza Jumamosi tu."

Watu wakampigia makofi kwa moyo wake wa kujitolea. Shemasi Burl akayaombea magoti ya wachezaji.

Ndivyo Harlan alivyojikuta amepiga magoti sebuleni kwa Mzee Vester, akipigilia vipande, mzee akimsimamia kutoka kitini.

"Hicho kimezidi. Kata."

Akakata. Lurleen akamletea chai ya barafu.

"Nani alimwambia Bi Opal afunue turubai?" Harlan akanong'ona.

"Mimi. Nilikuona unazificha. Harusi yetu itakuwa pale ukumbini, na mimi sichezi harusi yangu juu ya kuni."

Moyo wa Harlan ukaruka. "Kwa hiyo harusi ipo?"

"Muulize baba."

Mzee Vester akaitazama sakafu yake kwa furaha tele, akanyoosha goti, akalikunja.

"Ipo," akasema. "Ila kwanza chumbani kwangu. Kule zote ndefu. Zing'oe, uzikate."